Mada Iache Kwanza

Nasimamia tasnifu za uzamili katika lugha na elimu. Kila mwaka wa masomo unapoanza naletewa mada zilizovaa sare: "Kuchunguza Changamoto za...", "Kutathmini Athari za...", na mkiani "nchini Tanzania". Ukimuuliza mwenye mada anataka kujua nini hasa, anakusomea mada ileile.

Mwalimu mmoja wa Biolojia kutoka shule ya kata alinijia na "Athari za Kiingereza kama Lugha ya Kufundishia katika Shule za Sekondari Tanzania".

"Dokta, hili ni tatizo kubwa. Watoto hawaelewi."

Kweli hawaelewi. Ila watafiti Criper na Dodd walikwisha kuandika mwaka 1984 kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kujifunzia masomo mengine. Watafiti wa LOITASA, mradi wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini ulioanza 2002, waliandika vitabu kadhaa juu ya hoja hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikatamka Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, na sekondari zikaendelea na Kiingereza. Kilio cha mwalimu huyu kilikuwa cha haki, lakini kilio ambacho jibu lake liko maktabani hakijawa tatizo la utafiti.

"Sasa nifanyeje, Dokta?"

"Mada iache kwanza. Niletee karatasi za wanafunzi wako."

Akaleta za jaribio la Kidato cha Pili, tukazitandaza mezani. Swali la kutaja maana ya usanisinuru wengi walilijibu, tena kwa maneno ya ubaoni. Lililofuata liliuliza kwa nini majani ya mmea uliofungiwa gizani hugeuka njano. Hapo palikuwa patupu, karatasi baada ya karatasi.

"Si ndiyo hiyo lugha?" akaniuliza.

Nikamtuma akawaulize swali hilohilo kwa Kiswahili, kwa mdomo. Alirudi na majibu ya namna mbili. Baadhi walieleza vizuri. Wengine walirudia maana ya usanisinuru, safari hii kwa Kiswahili.

Tatizo lilizaliwa hapo. Maelezo tuliyoyazoea, kwamba kikwazo ni Kiingereza, yaliwatosha wale wa kwanza na yakawashindwa wale wa pili. Je, hao hawajazoezwa kutoa sababu kwa lugha yoyote? Hilo halikuwa na jibu mezani petu, na linaweza kuchunguzwa.

Baada ya hapo tamko la tatizo halikuhitaji kurasa tatu. Aya moja ilitosha: nini kinajulikana, nini hakielezeki kwa hicho kinachojulikana, na nani anaumia tukiendelea kutojua. Kwake yeye, anayeumia ni mtoto atakayebadilishiwa lugha bila kubadilishiwa namna ya kufundishwa.

Wengi hukwama kwenye hicho kisichoelezeka. Jopo likiuliza pengo liko wapi, hujibu, "Hakuna utafiti uliofanyika wilayani kwangu." Wilaya kutofikiwa si pengo, mpaka uonyeshe kitu cha pale kinachoweza kubadilisha jibu. Kama wanafunzi wa huko huanza shule wakizungumza lugha nyingine nyumbani, sema hivyo, na hilo liingie kwenye swali lako.

Ndipo mada ya mwalimu wetu ikaandikwa: "Uwezo wa Wanafunzi wa Kidato cha Pili wa Kueleza Sababu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza katika Somo la Biolojia: Mifano kutoka Shule Mbili za Kata". "Kuchunguza" hatukuliweka, maana kila tasnifu inachunguza. "Tanzania" tuliliondoa, kwa kuwa shule mbili haziwezi kuisemea nchi nzima. Kila neno lililobaki nililipima kwa swali moja: data yake utaipata wapi? Neno lisilo na data kwenye mada litakudai sura nzima baadaye, nawe huna cha kulipa.

Najua fomu ya usajili hudai mada mapema. Tunajaza ya muda, na pembeni mwanafunzi anaandika kwa mkono swali analolitafutia jibu. Mada ikibadilika mara kadhaa sina wasiwasi. Nafasi ya swali ikibaki wazi, fomu siisaini.