Kinga Yako Ina Kipimo Chako?

Leo nataka tuzungumze juu ya kinga, yaani baiskeli. Usigeuze ukurasa! Najua utasema, "Pasta amekosa neno la kuandika." Lakini fikiri kidogo. Katika nyumba yenu, ukiacha nyumba yenyewe na shamba, ni kitu gani mlichonunua kwa pesa nyingi kuliko vyote? Kwa jamaa nyingi za huku kwetu, toka Kasongo mpaka Kabambare, ni kinga. Nayo tunainunua kama mtu anayechagua kuku kwa kutazama manyoya. Tunaangalia rangi, tunapiga kengele, tunabishana bei. Ni wachache wanaouliza: hii kinga ni ya mutu wa urefu gani?

Mimi mwenyewe sikuuliza. Nilipomaliza Chuo cha Biblia nilipewa makanisa manne ya kutembelea, moja lao mbali sana. Nikaweka pesa kidogo kidogo muda wa mwaka na nusu, nikanunua kinga nyeusi ya magurudumu 28. Kadre yake, yaani ule mwili wa vyuma, ilikuwa ya inchi 24. Hizo ni kama sentimetri 61, ukipima toka mhimili wa pedali mpaka pale chuma cha kiti kinapoingia. Niliichagua kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko zote dukani. Niliona hiyo ndiyo kinga ya mtu mzima, kinga ya mchungaji.

Mimi si mrefu. Niliteremsha kiti mpaka mwisho, na hata hivyo pedali ilipofika chini niliifuata kwa ncha za vidole, kiuno kikienda huku na huku kama cha mchezaji ngoma. Kwa kupanda nilitafuta jiwe. Kwa kushuka niliruka. Washiriki walicheka, nami nilicheka pamoja nao.

Mwaka wa tatu kicheko kikaisha. Maumivu yalianza nyuma ya goti la kuume, kisha la kushoto. Nikanywa dawa za duka, nikanywa mizizi, nikapakwa mafuta. Ilifika siku nikashindwa kupiga magoti mbele ya kanisa, nikaomba nikiwa nimesimama. Wengine walidhani ni mafundisho mapya. Basi nikaamua kuiuza ile kinga, nikisema moyoni kwamba kinga si kitu cha umri wangu tena.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalificha.

Nilimwuzia kijana mmoja wa kwaya. Alikuwa ametoka Salamabila, huko walikokuwa wakichimba dhahabu, na alirudi na dola 50 alizozikaza ndani ya nguo. Alitaka kuacha mashimo na kuanza biashara ya mafuta ya mawese. Nilimwambia, "Mwanangu, hii ni kinga ya nguvu." Sikusema uongo, maana ilikuwa ya nguvu. Lakini niliyajua magoti yangu, nami nilimwona wazi kwamba ni mfupi kuliko mimi. Nilinyamaza, kwa sababu nilitaka pesa.

Wiki ya pili alifunga madumu matatu ya litri 20. Kwenye mteremko wa kijito akataka kusimama, akanyosha mguu, na mguu haukukuta udongo. Alianguka na mzigo wote. Kifundo cha mkono kikavunjika na mafuta yakamwagika barabarani. Jioni mama yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza neno moja tu: "Pasta, wewe mwenyewe uliweza kuipanda?"

Sikuwa na jibu. Nilirudisha zile dola 50 kwa vipande vitatu, maana nilikuwa nimekwisha kuzila.

Mkono wa kijana ulipoanza kupona tulikwenda pamoja kwa mzee mmoja fundi anayefanya kazi chini ya mwembe. Katika vita vya 1998 mpaka 2003, magari yalipokosekana huku Maniema, watu walisukuma chumvi na sabuni juu ya kinga, hata barabara ya Kindu ambayo ni zaidi ya kilomita 200. Huyu mzee alikuwa mmoja wa waliozishona kinga zile zisife njiani. Aliitazama kinga yangu, akanitazama mimi, akamtazama kijana. Akasema, "Pasta, wewe hauna ugonjwa. Hii kinga njo mukubwa juu yako. Na huyu mutoto, umemupatia farasi ya jitu."

Sasa msomaji, chukua kalamu, maana sehemu hii itakusaidia. Mzee alimwambia kijana avue viatu, asimame mgongo ukutani, miguu iachane kidogo. Akaweka ubao mwembamba katikati ya miguu, akaupandisha mpaka juu kabisa, pale mtu anapokalia kinga, akatia alama ya chaki ukutani. Toka chini mpaka alama: sentimetri 76. Kile kipimo ndicho mama wa vipimo vyote. (Kijana alitaka kutumia kitabu cha nyimbo badala ya ubao. Nilikataa.)

Kadre ya inchi 24 yenye magurudumu 28 hufikisha kile chuma cha juu kama sentimetri 86 toka udongoni. Mtu wa 76 atasimamaje juu yake? Ukisimama na kinga katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini, ni lazima vidole viwili vipite kati ya chuma na mwili wako. Visipopita, usitoe pesa, hata kama rangi inang'aa. Mzee alitafuta katika vyuma vyake kuukuu akatoa kadre ya inchi 20 ya magurudumu 26, yenye kutu kidogo. Kijana aliitazama kwa huzuni. "Ni kinga ya watoto," akasema. Mzee akamjibu, "Ni ya watoto, lakini mguu wako unagusa chini."

Urefu wa kiti mzee alipima bila namba. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyoka sawasawa bila kiuno kuinama, kiti kiko mahali pake. Kisha ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Baadaye nilisoma kwamba waendeshaji wa mbio wa Ulaya wana hesabu yao, ambayo Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa mbio kubwa za Ufaransa mwaka 1986, 1989 na 1990, aliieneza sana: kipimo cha mguu mara 0,883, toka mhimili wa pedali mpaka juu ya kiti. Kwa kijana wetu, 76 mara 0,883 ni 67. Nilikwenda na utepe wa fundi cherehani kupima kazi ya mzee. Ilipitana kwa upana wa kidole! Ujue pia: kiti kikiwa juu mno, maumivu huja mara nyingi nyuma ya goti, kama mimi. Kikiwa chini mno, huja mbele ya goti. Na ukipandisha kiti, acha sentimetri 6 hivi za chuma chake zibaki ndani ya kadre, la sivyo siku moja kitakatika na wewe juu yake.

Mnyororo nao una kipimo. Bonyeza katikati kwa kidole: ucheze juu na chini kama sentimetri moja, usizidi moja na nusu. Ukilegea utaruka meno mlimani. Ukikazwa mno utakula mhimili. Kwa kuukaza unavuta gurudumu la nyuma, upande huu na upande huu sawasawa, ukitazama lisiegemee chuma kimoja. Na mpira wa freni uguse rimu, usiguse tairi, maana ukisugua tairi utalichana. Mambo ya kupaka mafuta mnayajua, sitayaandika.

Kazi yote, na magurudumu ya kukusanya-kusanya, iligharimu chini ya dola 40. Kadre ile kubwa ilipata mwenyewe: mwalimu mmoja mrefu, anayeipanda mpaka leo bila kulalamika.

Ningeishia hapa, lakini vijana wangenilaumu, maana wanaijua sehemu iliyobaki. Vijana walipanga mashindano: kuzunguka uwanja wa mpira mara 20. Kijana wetu alikuwa ameona katika simu zile kinga za uwanja wa mbio, zinazokimbia kwenye velodromu, duara lenye kingo zilizoinama. Akaja kwa mzee na mimi nikiwepo. "Nataka kama ile. Gia moja, bila freni, na pale nyuma pasitembee bure. Pigeni moto tu, mushike."

Kwa kweli robo tatu ya kinga ile tunayo tayari. Nazo zina gia moja kama zetu, na mnyororo hukazwa kwa kuvuta gurudumu la nyuma kama kwetu. Tofauti ni kwamba kile kipande cha nyuma chenye meno hakikuachi upumzike: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka nawe, na unapunguza mwendo kwa kuzikaza kwa miguu. Kwenye kinga yetu kipande hicho kimeingizwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Ukikishika kwa moto wa kuchomelea, siku utakapokaza miguu kurudi nyuma kitafunguka, na huna freni. Kinga za kweli za uwanja zina pete ya pili inayofungwa kwa kuzungushwa upande wa kinyume, ili kisifunguke. Sisi pete ile hatuna, wala mahali pa kuifunga.

Tena velodromu haina mbuzi, haina mama mwenye beseni, wala haina mteremko wa kijito. Wote wanakwenda upande mmoja. Mzee alikataa katakata, na mimi nikasimama upande wake. Kijana alikasirika siku mbili.

Ndipo nikamweleza habari ya Graeme Obree wa Scotland. Mwaka 1993 hakuwa na kampuni kubwa ya kumjengea kinga. Aliijenga mwenyewe, akatia ndani yake beringi za mashine ya kufulia nguo, akazikaribisha pedali zisiachane sana, akautengeneza usukani apate kulala juu yake mikono imekunjwa kifuani. Alikwenda Hamar, Norway, kutafuta rekodi ya saa moja. Tarehe 16 Julai alijaribu kwa kinga nyingine, iliyotengenezwa kwa mfano wa ile yake, akashindwa. Asubuhi ya 17 akapanda ile yake mwenyewe, akafika kilomita 51,596. Rekodi ya Francesco Moser ya 1984 ikavunjika. Haikudumu hata wiki moja, Mwingereza Chris Boardman akaichukua huko Bordeaux, lakini mwaka uliofuata Obree akairudisha. Kijana alisikiliza, kisha akauliza, "Beringi za mashine ya kufulia tutazipata wapi huku?"

Mzee alicheka, akaanza kazi. Alitoa kibebeo cha mizigo, mguu wa kusimamishia na mabati ya matope. Aligeuza usukani chini juu ili mgongo uiname. Mbele palikuwa na meno 44. Nyuma akaondoa kipande cha meno 22 akaweka cha 18, akafupisha mnyororo. Zamani pedali ikizunguka mara moja kinga ilikwenda kama mita 4. Sasa karibu mita 5. (Obree alitumia 52 mbele na 12 nyuma, zaidi ya mita 9. Usijaribu kwenye mchanga.) Freni zikabaki, za mbele na za nyuma, mipira mipya.

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa na tope upande wa goli moja. Vijana 11 walianza. Wawili waliokuwa wametoa freni zao waligongana pale penye kona, na mmoja aliondoka na meno pungufu. Wetu alikuwa wa tatu. Zawadi ilikuwa sabuni na daftari.

Jumatatu mzee alirudisha meno 22, usukani na kibebeo. Kijana akafunga madumu mawili, si matatu. Mama yake alikuwepo, na mimi nikawasindikiza mpaka mwisho wa mtaa, pale barabara inapoanza kuteremka. Alishuka polepole, mpira wa freni ukilia. Katikati ya mteremko mbuzi mmoja alivuka. Kijana akasimama, akaweka mguu chini, akangoja mbuzi apite.