Bati la Ukara

Nilimwambia mama naelekea Ukerewe, kisha Ukara, tena Aprili, katikati ya masika. Aliacha kupepeta ulezi.

"Mura, huko unafuata nini?"

Wakurya hatuogopi vitu vingi, lakini maji mengi yaliyokaa mahali pamoja tunayaangalia kwa mbali. Kwetu ni Genkuru, huko Nyamongo, ambako baruti za mgodini hutikisa vikombe kabatini na mtoto akaendelea kula ugali wake. Mto Mara tunaujua. Ziwa tulilisoma shuleni. Kijijini sikumbuki mtu wa rika langu anayejua kuogelea, nami nikiwemo.

Nilikuwa nafuata bati. Mwenzangu wa chumba chuoni, Dar es Salaam, ni mtu wa Ukara. Dada yake alikuwa ndani ya MV Nyerere ile Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko kikitoka Bugorora kwenda Bwisya. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika, watu wa ufukweni wakiona kwa macho yao. Walikufa zaidi ya watu 220. Uwezo wa kivuko kile ulikuwa watu 101. Mwenzangu alikwenda kuzika, akarudi, na hajavuka tena.

Hela humtumia mama yake kila mwezi kwa simu. Mwaka juzi alituma za kuezeka nyumba upya. Mama akajibu kwamba nyumba ni nzima, haivuji. Hakuamini. Aliposikia nina wiki mbili kabla ya kuanza kukusanya data za tasnifu, na kwamba nataka kuzunguka visiwani na shanta langu, aliniambia: "Fika hadi nyumbani. Lakini usiangalie bati mchana ukaondoka. Lala siku ya mvua."

Kuhusu shanta niseme kidogo. Mzungu akilibeba ni mtalii. Mimi nikilibeba, stendi ya Tarime waliniuliza nauza nini, Bunda wakadhani ni mtu wa chanjo, na kwenye kivuko cha Kisorya mzee mmoja alinisogelea akitaka kujua kama zile neti za bure zimefika. Kutembea tu, bila kuuza wala kuhesabu watu, ni jambo gumu kulieleza kwa Kiswahili chochote nilicho nacho.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepita Daraja la Kirumi. Pale Mto Mara umekuwa mpana, mvivu, umezungukwa na mafunjo, unakwenda kujimwaga ziwani. Ndio ule ule wa nyumbani. Niliuangalia kama mtu anavyomwangalia binamu aliyenenepa mjini.

Usiku wa kwanza Nansio nilijifunza kwamba mvua niliyoijua maisha yangu yote ilikuwa mvua ya upande mmoja. Genkuru mvua ina ratiba. Asubuhi jua, saa nane mawingu yanapanda, saa kumi inapiga, pengine na mawe, jioni watu wanatoka kuangalia mahindi yamelala kiasi gani. Nansio jioni ilikuwa safi, nyota zote nje. Saa tisa usiku radi ilipasuka juu ya gesti nikajikuta nimekaa kitandani. Asubuhi mwenye gesti aliniuliza kama nilidhani mbingu za kila mahali zinafuata saa za Tarime.

Sababu yake ni rahisi ukishaelezwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mawingu yanajijenga huko, yaani kwetu. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unashuka kutoka kila ufuko, unakutana katikati na kupanda juu. Ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 68,000 linajitengenezea dhoruba lenyewe, na saa yake ni usiku wa manane hadi asubuhi. Ndiyo saa wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Bugorora nilikwama siku mbili. Alfajiri ziwa linachafuka, saa nne linatulia, saa sita kuna wingu jeusi upande wa Ukara na kila mtu ana maoni yake. Asubuhi ya pili mvua iliwakuta akina mama wametandaza dagaa. Tulikimbia wote, wenyeji na wageni, kukusanya kwa mabeseni na maturubai. Nusu yake walikuwa wameshalowa. "Hawa sasa ni chakula cha kuku," mama mmoja alisema, na akaanza kukokotoa kwa sauti hasara yake, marejesho ya kikoba, ada ya mtoto, kama anayesoma orodha ya mahudhurio.

Nilikuwa na Kitereza kwenye shanta. Aniceti Kitereza, wa kisiwa hicho hicho, alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka kwa Kiswahili 1980. Miaka 35 mswada ukisubiri. Siku mbili za Bugorora nikaona ni adabu kutolalamika.

Mwalo ule ulinipa pia mwalimu, nahodha mmoja mzee wa mtumbwi wa injini. Nilimuuliza ni saa gani salama. Alicheka. "Ziwa likichafuka kila mtu anaogopa, hakuna anayegombania kupanda. Wewe ogopa siku ya gulio, maji yametulia kama uji." Nililitafakari hilo sana. MV Nyerere haikuzamishwa na dhoruba, ilijaa. MV Bukoba, 21 Mei 1996, nayo ilikuwa imebeba kupita uwezo. Mimi nilikuwa nimekaa siku mbili nikisoma mawingu.

Siku ya tatu nikavuka. Sina cha kusimulia, nilifumba macho.

Ukara hakuna ardhi inayopumzika. Wakara walikuwa wakifunga ng'ombe ndani na kukusanya samadi shimoni tangu kabla ya ukoloni, na mpaka leo kila kipande kina muhogo, mtama au mpunga. Jiwe linalocheza, ambalo kila mgeni hupelekwa, sikuliona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani."

Kabla sijanawa mikono alishaniambia nyumba haivuji. Nilikula sato na ugali wa muhogo, nikalala nikisubiri mvua. Haikunyesha. Usiku wa pili haikunyesha. Nikaanza kuishiwa na visingizio vya kutoondoka.

Usiku wa tatu, saa tisa, ikashuka. Nilimsikia mama anaamka. Hakuwasha tochi. Gizani alipita na sufuria na mabeseni, akaviweka chini kimoja kimoja, na kila kimoja kikaanza kulia tone kwa tone papo hapo, bila yeye kukisogeza hata mara moja. Nilihesabu saba. Cha mwisho alikipeleka chumba kilichokuwa kimefungwa tangu nifike. Kulikuwa na kitanda na neti imefungwa fundo juu, vizuri, kama mtu katoka asubuhi.

Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wangu.

"Amekutuma uangalie bati."

"Ndiyo, mama."

"Hela zake zipo. Sijanunua hata msumari." Akasikiliza mvua kidogo. "Nikishaezeka, atakuja kufanya nini?"

Asubuhi nilimpigia mwenzangu nikiwa Bwisya, foleni ya kivuko ikiwa mbele yangu. Nilimwambia yote, mabeseni saba, fundo la neti, na maneno ya mama yake kama yalivyo. Hakujibu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kivuko kina maboya mangapi.

Nilipopanda niliyahesabu, nikamtumia namba. Jibu lilinikuta Rugezi, mtandao uliporudi. Maneno mawili: "Na watu?"

Watu nilikuwa nimewahesabu mara mbili, ya pili nikijumlisha watoto wa mgongoni.