KIGOMA, MLANGO WETU WA ZIWANI

Wengi wetu Kigoma tuliiona mara moja tu: tulishuka botini na mizigo kichwani, tukapakiwa kwenye gari mpaka kambini. Watoto waliozaliwa hapa ndiyo hawaijui kabisa. Basi mwezi huu tuwaeleze.

Mji mkongwe pale ni Ujiji. Karne ya 19 watumwa kutoka Kongo walivushwa ziwa mpaka Ujiji, halafu wakaswagwa kwa miguu hadi Bagamoyo. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapohapo, na leo pana makumbusho. Reli ya Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, ndipo Kigoma ikaipiku Ujiji.

Halafu kuna Liemba, masuwa yenye visa! Ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. 2015 ikawatoa ndugu zetu Warundi kule Kagunga. Ni ileile moja.

Kaskazini ya mji kuna Gombe, hifadhi ya sokwe, alikoanzia utafiti Jane Goodall mwaka 1960. Na sokoni? Mgebuka wao ndiyo mukeke wetu, dagaa ndiyo ndagala.

Wazazi, tuwasimulie watoto. Ziwa lililowapitisha wazee wetu wakiwa na minyororo ndilo lililotuvusha sisi tukapona. Na hewa ikiwa safi, ukisimama Kigoma milima ya Kongo unaiona.