Aliyemwagilia Maua Hayumo Pichani

Mwaka uliopita, siku tatu kabla ya kumzika baba, jirani aliyejitolea kutuchapishia kijitabu cha mazishi alituomba picha nne za marehemu: moja ya ujana, moja ya arusi, moja ya kazini, na moja ya uzeeni ambayo ingewekwa kwenye jalada. Tulilivuta kutoka chini ya kitanda lile sanduku la bati ambalo, katika nyumba nyingi za mtaa wetu wa Makadara, ndilo hifadhi ya nyaraka za ukoo. Mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa, risiti za karo zilizofifia, barua za shangazi, na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao. Picha ya ujana ilipatikana. Ya arusi ilipatikana, ingawa mchwa walikuwa wamekwisha kula kona yake moja. Ya kazini haikuwamo.

Baba alikuwa mtunza bustani. Kwa miaka thelathini na mmoja alifyeka nyasi, akapogoa michongoma na kumwagilia maua katika bustani za umma za Nairobi, na muda mrefu zaidi aliutumia katika Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji. Msomaji anayeijua Nairobi anajua pia kwamba bustani hizo ndimo wakazi wa jiji hili walimopigiwa picha tangu zamani: maarusi, wanafunzi waliohitimu, wageni waliotoka mashambani na kutaka ushahidi wa kupeleka nyumbani. Haiyumkini kwamba mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo mbele ya kamera asiwe na picha hata moja ya kazi yake. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Usiku huo huo, juu ya meza ambayo mchana ni ya chakula na usiku ni ya tasnifu, zilikuwa zimetandazwa nakala za picha za kale za bustani za masultani wa Unguja. Mama aliketi karibu nami, akaivuta moja na kuiweka chini ya taa.

“Huyu naye ni nani?” akauliza, kidole chake kikiwa juu ya mtu aliyesimama kando ya nguzo ya mawe.

“Simjui, Mama. Hakuandikwa.”

“Na hiyo nguzo?”

“Nguzo imeandikwa.”

Aliitazama kwa muda, kisha akairudisha mahali pake. “Basi na baba yako ni vivyo hivyo,” akasema, akaenda kulala.

Nguzo ile ni ya Maruhubi, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliijenga kasri hiyo kati ya mwaka 1880 na 1882 kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Mwaka 1875 Barghash alikuwa ameizuru Uingereza, na husemekana kwamba ukuta mrefu alioizungushia Maruhubi ulitokana na kuta za bustani kubwa alizoziona huko. Ndani ya ukuta palipandwa miembe, yakachimbwa mabirika yaliyoota mayungiyungi, na maji yakapitishwa kwenye mfereji uliojengwa juu ya nguzo hadi kwenye hamamu. Mwaka 1899 moto ulizuka. Ghorofa na roshani za mbao ziliteketea, mawe yakabaki. Kwa sababu hiyo picha nyingi za Maruhubi tulizo nazo ni picha za magofu: nguzo nene zisizobeba kitu, minazi nyuma yake, na mara kwa mara mtu mmoja aliyesimamishwa pembeni ili mtazamaji apate kukadiria kimo cha nguzo.

Naomba nikae hapo kwenye neno kipimo. Mtu yule hakupigwa picha, alitumiwa kupimia. Wapiga picha wenye studio zao Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, Wagoa wote, walizigeuza picha kuwa postikadi na kuwauzia abiria wa meli. Mnunuzi alitaka kasri, bahari na minazi. Nimezipitia kwa simu yangu, usiku baada ya usiku, picha za mkusanyo wa Humphrey Winterton, zaidi ya 7,000, za Afrika Mashariki kati ya mwaka 1860 na 1960, ambazo leo zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Gavana ana jina, meli ina jina, mara nyingine hata farasi ana jina. Wenye majembe huitwa “wenyeji”.

Na tusisahau walikuwa nani. Maruhubi ilipokuwa ikijengwa, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 alioutia sahihi Barghash huyo huyo, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Amri ya kuuondolea uhalali ilitoka mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hivyo, tunapostaajabia mabirika ya mayungiyungi, tunatazama kazi ya watu ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kuweka jembe chini na kwenda zao.

Ya Mtoni ni tofauti, kwani picha yake iliyo bora haikupigwa kwa kamera. Kasri ya Mtoni ilikuwa ya Seyyid Said bin Sultan, na humo alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, akaitwa Emily, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Ua wa Mtoni anaoueleza umejaa tausi, paa, mbuni na heroe wanaotembea watakavyo. Kuna kijito kinachopita, hamamu zilizo karibu na michungwa, na baraza la mviringo ufuoni ambako baba yake hutembea huku na huko akiwa amezama katika mawazo. Aliyaandika hayo akiwa mjane katika nchi ya baridi, na ninaposoma naona kwamba analilia bustani na baba kwa pumzi moja. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza, baba akiwa hai, nilipiga mstari chini ya tausi. Nilipoisoma baada ya mazishi nilipiga mstari chini ya baba anayetembea.

Hata hivyo huruma yangu kwa Salme ina mpaka. Kitabu chake kina sura nzima kuhusu utumwa, na humo anautetea. Tausi wake wamekaa akilini mwangu kuliko mtu yeyote aliyewalisha. Jicho lake, kama jicho la kamera ya Gomes, lilikuwa limezoea kuona kasri kwanza.

Nilipompelekea msimamizi wa tasnifu yangu pendekezo la kuzisoma picha hizi sambamba na riwaya ya Shafi Adam Shafi, *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotoka mwaka 1978, alinitahadharisha kwamba picha si fasihi na kwamba idara ingeniuliza matini yangu iko wapi. Simlaumu, mipaka ya taaluma ina kazi yake. Lakini riwaya hiyo ndiyo iliyonifunza kuzitazama picha. Shafi anatuingiza katika kasri, na anayetuongoza humo ni Kijakazi, mtumishi aliyeuchakaza mwili wake kwa kumtumikia bwana. Mtu ambaye katika postikadi angekuwa kipimo cha nguzo, katika riwaya ana jina, ana maumivu, na ana fikra ambazo msomaji anaweza kuzipinga. Naamini hiyo ni hoja ya kifasihi, na kama idara itaniuliza matini iko wapi, nitasema iko pale pale pengo lilipo.

Kuna bustani nyingine ya kifalme ambayo nilikuwa nimeiachia tanbihi tu, na baba ndiye aliyenifanya niipandishe hadi sura kamili. Katika Vuga, Unguja, Barghash alitengeneza bustani kwa ajili ya wanawake wake. Humo John Kirk, balozi wa Uingereza aliyependa mimea, aliongeza miti na vichaka vingi. Baadaye Sultani Hamoud bin Mohammed aliitoa kwa ajili ya watu wa mji kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria, na bustani ikachukua jina la malkia. Nilipomsimulia baba habari hizo, miezi michache kabla hajaugua, alicheka. “Huyo bibi namjua,” akasema. “Nimempangusa kinyesi cha njiwa miaka mingi.”

Alisema kweli. Mwaka 1906, tajiri Alibhai Mulla Jeevanjee aliupa mji mchanga wa Nairobi bustani iliyobeba jina lake, na ndani yake akasimamisha sanamu ndogo ya Victoria. Baba alipogoa maua kuizunguka sanamu ile mpaka alipostaafu. Alikuwapo mwaka 1991, palipotokea mpango wa kujenga maegesho ya magari pale, na mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akaongoza upinzani hadi mpango ukaanguka. Alichokumbuka baba kutoka siku hizo ni kwamba watu wengi walikuja kuitetea bustani na nyasi zikakanyagwa vibaya. Mwaka 2015 sanamu iliangushwa na kuharibiwa. Nilimuuliza kama aliisikitikia. Alisema alisikitikia maua yaliyokuwa chini yake.

Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri na kuifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu ili nauli ibaki mfukoni. Jioni alirudi na vipandikizi vilivyofungwa katika gazeti lililoloweshwa, akavipanda katika mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopangwa mlangoni. Majirani walituita watu wa maua, na sikuzote sikujua kama ni sifa au kejeli. Eastlands haikupangiwa maua mengi, ingawa Kaloleni, iliyo karibu nasi, ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa kufuata wazo la mji wa bustani lililoenezwa na Ebenezer Howard huko Uingereza. Hivyo mawazo ya bustani za Kiingereza yalimfikia Barghash kwa meli na yakatufikia sisi kwa ramani za serikali ya kikoloni, na mahali kote yalihitaji mtu wa kuyamwagilia maji.

Baba alikuwa na kisa alichokirudia kila Krismasi. Kila maarusi walipoingia bustanini na mpiga picha wao, mpiga picha huyo angemgeukia na kumwambia kwa adabu, “Mzee, hebu sogea kidogo.” Naye husogea. Maarusi wengine wakija, husogea tena. “Nimeisogelea Nairobi nzima,” alikuwa akisema, nasi tunacheka hadi machozi. Sikukitafakari kisa hicho hadi usiku ule wa sanduku la bati.

Kijitabu kilichapishwa na picha tatu. Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Jeevanjee. Wapiga picha wa bustanini wamepungua, kwa kuwa sasa kila mtu ana kamera katika simu, lakini nilimpata mmoja, mzee mwenye koti la mifuko mingi, ambaye bado ana bahasha ya picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nilimwambia ninamtafuta nani. Hakuonyesha mshangao wowote. Tuliketi kwenye benchi tukazipitia pamoja: vijana wenye suruali pana, mama aliyebeba mtoto na mkoba mpya, watu wengi mno waliosimama mbele ya maua yale yale. Katika picha moja, nyuma ya mwanafunzi aliyevaa joho, kuna mtu wa ovaroli na gambuti ambaye hakuwahi kusogea. Ameinama akiushika mpira wa maji, uso wake umeangalia chini. Mabega yalinishtua. Mzee alikataa malipo.

Nilifika nyumbani jioni, Mama akiimwagilia mikebe ya mlangoni. Alijipangusa mikono kwenye leso, akaipokea picha, akaenda nayo mahali penye mwanga.

“Siye,” akasema. “Baba yako aliushika mpira kwa mkono wa kushoto.”

Sikuwa na la kusema. Nilinyoosha mkono kuichukua, lakini hakuiachilia.

“Ila huyu namjua,” akasema. “Walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja. Aliwahi kuja hapa siku ya ubatizo wako.” Akanitajia jina lake, na la baba yake, na kijiji alikotoka.

Nilikwenda ndani kutafuta kalamu ya risasi, nikayaandika yote matatu nyuma ya picha.