Kitochi cha Mpanda, Noti za Leipzig

Huku Leipzig, Ujerumani, ninakoishi, bado yapo maduka ya mikate yenye kibao mlangoni: pesa taslimu tu. Jirani yangu, mzee aliyestaafu, ana intaneti ya kasi na benki iko mtaa wa pili, lakini sokoni hulipa kwa noti. Anasema hataki kampuni yoyote ijue amenunua nini. Mama yangu, aliyeko Makanyagio, Mpanda, nchini Tanzania, hajawahi kuwa na akaunti ya benki. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na leo hela zote ninazomtumia za dawa, mbolea na ada za wajukuu hupita kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, naye huzitoa kwa wakala kibandani.

Anayedhani teknolojia hufuata utajiri wa nchi na awatazame wazee hawa wawili. Kila mmoja ameshika kile kilichomwondolea shida yake.

Hata ndani ya Katavi, mkoa anakoishi mama, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, simu haitumiki kwa namna moja. Mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mpimbwe na ng'ombe wake huulizia bei ya mnadani kabla hajaanza kuswaga mifugo. Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na ambako wengi wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania, watu hurekodi sauti kwa Kirundi na kuwatumia ndugu waliotawanyika, maana wapo wanaoisema lugha hiyo vizuri bila kuzoea kuiandika. Wala kukigeuza kitu kifae mahitaji yetu si jambo geni kwetu. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Wananchi wakaifanya ya magunia yao na safari zao.

Linaloniuma ni uzee. Ujumbe ukiingia, mama humwita mjukuu amsomee, na akitaka kutoa hela, mjukuu ndiye anayebonyeza. Namba ya siri inajulikana na nyumba nzima. Hapo ndipo tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anapopata mlango. Ujerumani nako matapeli huwapigia wazee wakijifanya wajukuu waliopatwa na ajali, na wazee huwakabidhi akiba zao. Tofauti zote za nchi, lugha na kipato zinakutana hapo: mzee aliyeachwa peke yake na simu ni windo.

Kwa hiyo nawaomba wanaobuni huduma Tanzania wasikiache kitochi. Huduma za serikali zipatikanazo kwa *152*00# ziendelee kuboreshwa, na zije zinazozungumza kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, ili asiyesoma ajihudumie bila kutoa siri zake.

Nanyi wenzangu wa ughaibuni, tuna haraka ya kutuma simu janja. Kabla hujatuma, piga nyumbani uulize: nani atamfundisha mzee kwa subira, nani atalipia kifurushi kila mwezi, na namba ya siri atabaki nayo nani? Kama hakuna majibu, mwachie kitochi chake, umtumie pesa na ya kutolea.