Chupa ya Mzee

Kule Haro, Hispania, kuna ukoo wa López de Heredia unaotengeneza mvinyo tangu mwaka 1877. Mvinyo wao mweupe hukaa miaka kwenye mapipa, kisha miaka mingine kwenye chupa, ndipo uuzwe. Nilisoma habari hizo hapa Uyole, mvua ikipiga bati, nikacheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, maana jambo hilohilo niliwahi kulijaribu kwa ulanzi.

Shamba letu la milanzi liko Iringa, upande wa Ifunda. Alipanda babu, akarithi baba. Mvua zikikolea, mzee alikata ncha za machipukizi, akatundika mbeta, na kila asubuhi na jioni akapita kuyakata tena kidogo ili utomvu uendelee kutiririka. Ukiwa mbichi ni mtogwa, mtamu. Ukilala siku moja mbili unakuwa mkangafu, na huo hauna masihara. Ukizidi hapo, ni siki. Ulanzi haujui kusubiri. Ndiyo maana dumu lake likipakiwa kwenye basi mfuniko haukazwi. Ukiukaza, gesi itakuaibisha mbele ya abiria.

Msimu wake wa mwisho mzee alinitumia lita tano, akapiga simu: "Unywe leo, mwanangu. Usiuweke."

Wiki ile kazi zilinibana. Nikanywa kikombe kimoja, mwingine nikawagawia majirani, nikabakiza chupa moja nyuma ya kabati. Nikasema Jumapili nitaumalizia, na mzee nitampigia kumshukuru. Jumapili ikapita. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Baada ya matanga sikuigusa tena ile chupa. Sijui nilitegemea nini. Labda niliona ikikaa muda wa kutosha itanirudishia kitu.

Jioni moja natoka kazini, nakuta kachumbari mezani. Nikaonja.

"Siki hii umeinunua wapi?"

"Si ile ya nyuma ya kabati?" mke wangu akajibu. "Nzuri, eti?"

Nikala. Ilikuwa kali, na mbali kabisa, nyuma ya ule ukali, palikuwa na harufu ya shamba letu. Nikaomba nyongeza. Tulipomaliza ndipo nikamwambia. Akashika kichwa.

"Jamani, si ungesema!"

Kweli, ningesema. Na Jumapili ile ningepiga simu.

Sasa mdogo wangu anataka kung'oa milanzi apande parachichi. Simlaumu, parachichi lina soko na yeye ana watoto wa kusomesha. Lakini wenzetu wa Haro wanaweza kuweka miaka ndani ya chupa. Sisi miaka yetu iko kwenye mashina yale. Kinywaji chenyewe ni cha leo. Nimemwomba aniachie mashina kumi tu. Mvua zikianza nitakwenda mwenyewe, niunywe palepale shambani.