Steringi Hafi?

Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunaomba ruhusa ya kutafakari jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: picha za mapigano, na zile za mashujaa wenye nguvu zipitazo za kibinadamu, ambazo watoto na vijana wetu wa Pasiansi, Kirumba na Kitangiri huzitazama kila wapatapo nafasi. Hatuandiki kama mahakimu waliosimama nje ya mlango. Sisi wenyewe tunazipenda picha hizo tangu enzi za kanda na deki, na tunazo zile tunazozienzi na zile zinazotuchosha. Ndiyo maana tunathubutu kusema.

Kila aliyekulia katika mabanda ya video anaifahamu kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Risasi zinampita kulia na kushoto, nyumba inateketea, daraja linakatika, naye anatokea upande wa pili akijipangusa vumbi. Akijeruhiwa, hujeruhiwa begani. Anayekufa ni rafiki yake, na tuseme ukweli, katika picha nyingi za zamani rafiki huyo alikuwa mtu mweusi. Watoto walioketi kwenye mabenchi ya mbao walilijua hilo kabla picha haijaanza. Swali lao halikuwa kama steringi atapona, bali adui atakufaje.

Wengi wetu hatukuelewa Kiingereza wala Kichina kilichosemwa mle ndani. Ndipo wakatokea watafsiri. Uganda waliitwa maVJ; Kenya jina la DJ Afro likavuma; na kwetu Tanzania Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili. Wasimulizi wa aina hiyo hawakutafsiri tu. Waliwapa wahusika majina ya mitaani kwetu, wakawakemea, wakawatania, na watazamaji nao wakajibu. Tunataja jambo hili kwa sababu tutalirudia: picha ya banda la video haikutazamwa na mtu mmoja aliye kimya. Ilitazamwa na kundi zima, kwa sauti.

Tuirudie sasa kanuni yetu. Je, ni kweli kwamba steringi hafi? Chukueni Rambo, ambaye jina lake lilibandikwa hata kwenye daladala. Katika riwaya ya David Morrell iliyotoka mwaka 1972, Rambo anakufa. Picha yenyewe ilipotengenezwa na kutoka mwaka 1982, mwisho wa kifo chake ulipigwa pia. Lakini watazamaji wa majaribio walioonyeshwa hawakuupenda, ukaondolewa. Rambo akaishi, akarudi mwaka 1985, 1988, 2008 na 2019. Kwa hiyo kanuni ile haikutoka mbinguni wala haikutokana na maisha. Imetokana na hamu ya mtazamaji, na wenye biashara wakaitii.

Hatuicheki hamu hiyo. La hasha. Sisi ambao wito wetu hutupeleka makaburini mara kwa mara tunaelewa kwa nini mtoto aliyemzika baba yake angependa awepo walau mtu mmoja duniani ambaye hafi. Shida yetu na picha hizi haiko hapo. Shida yetu iko kwa watu wanaookolewa. Watazameni vizuri siku nyingine: raia wa mji ule hawana kazi yoyote isipokuwa kukimbia, kupiga kelele na kutazama juu. Hakuna anayembeba jirani yake, hakuna anayeleta ngazi wala kamba. Wanasubiri. Mtoto akitazama picha mia za namna hiyo, amefundishwa mara mia kwamba katika hatari wapo watu wa aina mbili, mmoja atendaye na wengi wasubirio, na bila shaka yeye ni mmoja wa hao wengi.

Kwa sababu hiyo tunakiri kuwa Superman, ingawa ndiye babu yao wote, hatumpendi sana. Waliombuni ni Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, na alitokea magazetini mwaka 1938, nyakati ambazo watu wa kabila lao walihitaji mtetezi kuliko wakati wowote. Tunaiheshimu asili hiyo. Lakini mtu ambaye risasi haimwingii, ujasiri wake uko wapi? Nasi tunaosoma Injili tunakumbuka kwamba Bwana alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajirushe, alikataa kuruka mbele ya watu. Christopher Reeve, aliyemwigiza Superman mwaka 1978, alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995, akapooza kuanzia shingoni. Aliishi kwenye kiti cha magurudumu hadi alipofariki mwaka 2004, na miaka hiyo yote alihimiza utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo na kuwasemea walemavu. Sisi tumejifunza ushujaa kwake akiwa kitini zaidi ya alipokuwa angani.

Spider-Man tunampenda zaidi, hasa katika picha ya pili, ya mwaka 2004. Wasomaji walioiona watakumbuka garimoshi linalokwenda kasi bila breki. Kijana yule analizuia kwa mwili wake mpaka nguvu zinamwishia, na kinyago kimekwisha kumtoka. Anapoanguka, abiria wanamdaka, wanampitisha juu ya vichwa vyao mkono kwa mkono, na kumlaza chini taratibu. Wanauona uso wake, wanashangaa kuwa ni kijana mdogo tu, nao wanaahidi kutomtaja kwa mtu. Kisha adui anapokuja kumchukua, abiria hao wasio na nguvu yoyote wanasimama kati yake na adui. Hawafui dafu, lakini wamesimama. Kwetu sisi tukio hilo fupi lina thamani kuliko mapigano yote ya picha ile.

Mwezi Februari mwaka 2018 ilitoka Black Panther. Nani asiyefurahi? Tulimwona Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya. Tulimwona Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Tulimwona Daniel Kaluuya, mwana wa wazazi kutoka Uganda. Tuliona mfalme mweusi asiyemwomba mtu msaada. Hatukujali sana kwamba sehemu kubwa ilipigwa Atlanta, Marekani, wala kwamba Kixhosa kilichosemwa humo ni lugha ya Afrika Kusini. Naye Chadwick Boseman, aliyekuwa mfalme T'Challa, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa ameuficha ugonjwa wake kwa miaka minne huku akifanya kazi. Steringi alikufa, na dunia ikalia.

Hata hivyo tunalo neno. Wakanda imekuwa Wakanda kwa sababu ya madini yaliyo ardhini mwake. Vijana wetu walitoka wakisema, laiti na sisi tungekuwa na madini kama yale. Wapendwa, sisi wa Kanda ya Ziwa tunao dhahabu Geita, na almasi ya Mwadui imechimbwa tangu mwaka 1940. Jiwe halijengi shule lenyewe. Linajengewa shule na watu walioaminiana, au linabaki shimo. Kwa haki, picha yenyewe inaligusa jambo hili: aibu ya Wakanda ni kwamba ilijificha na utajiri wake huku ndugu zake wakiteseka nje, na mfalme anajifunza kufungua mlango kutoka kwa adui yake. Hilo ndilo tulilolipenda. Lakini baada ya yote nguvu ilibaki ya mfalme, ya damu na ya ua la ajabu. Mtu wa kawaida wa Wakanda hatukumjua hata jina.

Mwezi huohuo wa Februari 2018, huko Berlin, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza picha nyingine ya shujaa mweusi, ndogo, isiyofikia hata saa moja na nusu. Inaitwa Supa Modo, imeongozwa na Mkenya Likarion Wainaina, na baadaye Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Shujaa wake ni Jo, msichana wa miaka tisa, mpenzi wa picha za mashujaa. Jo ana ugonjwa ambao hautapona. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Dada yake mkubwa, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona amelala tu akingoja mwisho, basi anaanza kumwaminisha kuwa ana nguvu za ajabu. Polepole kijiji kizima kinaingia katika mchezo ule. Watu wazima wenye shughuli zao wanakubali kujifanya wamegandishwa kwa amri ya mtoto. Hatimaye wanashirikiana kutengeneza picha ambayo Jo ndiye steringi.

Na steringi anakufa. Hakuna mwujiza wa mwisho, hakuna dawa iliyofichwa mlimani. Hapa kwetu hadithi hiyo si ya kubuni tu. Saratani ya watoto iitwayo Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala mwaka 1958, imeonekana sana katika nchi hizi zenye malaria, na wazazi kutoka mikoa yote inayouzunguka upande wetu wa ziwa huwaleta watoto wao Bugando. Saratani hiyo ikiwahiwa, wengi hupona, wengine hawaponi. Aliyewahi kuketi karibu na kitanda cha mtoto wa namna hiyo atajua kwa nini tunaiona Supa Modo kuwa bora kuliko picha zote za mashujaa tulizowahi kuzitazama.

Msomaji makini atauliza: je, kijiji kile hakikumdanganya mtoto? Ni swali la haki, na ndani ya picha mama yake Jo mwenyewe anausumbukia mchezo ule. Jibu letu ni hili. Uongo humnyang'anya mtu kitu; mchezo humpa. Anayemwambia mgonjwa aache dawa, atoe sadaka kubwa na atapona kesho, huyo anamnyang'anya fedha, muda na hata uhai, nasi tumewazika waliosadiki hivyo. Kijiji cha Jo hakikumtaka aache chochote. Kilimpa muda wake, kicheko chake, na kikakubali kuonekana kijinga kwa ajili yake. Kama kulikuwa na nguvu ya ajabu katika picha ile, haikuwa mikononi mwa Jo. Ilikuwa kwa wale majirani waliosimama kama sanamu juani ili mtoto acheke.

Wengine watasema hayo ni mambo ya picha. Tuyatazame basi ya hapa ziwani. Dominika asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani jirani na uwanja wa Bukoba. Waliofika kwanza ni wavuvi. Kijana wa miaka 20, Majaliwa Jackson, alipiga kasia hadi kwenye ndege na kusaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia hilohilo. Kisha alijaribu kuwafikia marubani, kamba ikakatika, ikampiga, akazirai na kuzindukia hospitalini. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili.

Nchi nzima ilimwita shujaa, naye alistahili. Alizawadiwa fedha na kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto. Lakini tunawaomba mwone na wale ambao hawakutajwa: walioleta mitumbwi, walioingia majini, walioshika kamba na kuivuta ndege wakiwa mamia ufukweni. Hakuna aliyetazama juu akingoja mtu mwenye joho jekundu. Na kwa kuwa steringi wetu wa kweli hakuweza kuwafikia wote, tunabaki na wajibu wa kuuliza maswali ambayo picha za mashujaa haziulizi kamwe: boti za uokoaji ziko wapi, maboya yako wapi, nani amefundishwa? Ushujaa wa kijana mmoja usitumike kufunika uzembe wa wengi.

Basi, wazazi wapendwa, hatuwaambii mzime luninga. Ketini na watoto wenu mtazame pamoja, kwa sauti, kama zamani bandani. Picha ikiisha waulizeni maswali matatu. Kwanza, wale waliookolewa walifanya nini? Pili, steringi alipoteza nini? Tatu, kama wewe ungekuwa pale, na huna nguvu yoyote, ungeshika kamba ipi?

Nanyi vijana mnaoweza kutaja mashujaa wote wa Marvel kwa majina lakini hamjui kuogelea, ilhali ziwa liko hatua chache kutoka milangoni mwenu, tafuteni mtu mzima ajuaye awafundishe. Siku moja huenda mtu akaita kutoka majini, na aliye karibu ukawa wewe.

Tunawatakia nyote Dominika njema.